Komredi Ralph Hakuangushwa na Washington

Novemba 27, 2025, wapiga kura wa Saint Vincent na Grenadines, nchi ya visiwa yenye watu wapatao 110,000, walimwondoa Ralph Gonsalves kwenye uwaziri mkuu baada ya miaka 24 na miezi minane. Chama chake cha Unity Labour Party, ULP, kilibakiwa na kiti kimoja kati ya 15, na kiti chenyewe ni chake. Kesho yake akaapishwa Godwin Friday wa New Democratic Party, NDP. Habari hizi zilipofika huku kwetu zilifika na tafsiri yake kabisa. Kwa wenzetu wanamajumui, Marekani imemng'oa rafiki wa Cuba na Venezuela, basi, hakuna la kujadili. Kwa waliochoshwa na watawala wasiobanduka, mzee kachokwa, kaondolewa, na wengine wajifunze. Pande zote mbili zimeyasoma matokeo kuanzia ukurasa wa mwisho. Gonsalves alianza kuanguka Novemba 2009, na kwa miaka 16 alishikiliwa juu na hesabu za majimbo zilizomficha, yeye na wengine, kwamba nusu ya nchi ilikuwa imeshampa kisogo. Hesabu hizohizo ndizo zilizomzika mwaka 2025. Washington ilikuwapo, uchovu ulikuwapo, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kueleza kilichotokea.

Kwa nini tujisumbue na kisiwa ambacho wengi wetu hatuwezi kukionyesha kwenye ramani? Kwa sababu mtu huyu ametugusa kwa namna ambayo viongozi wachache wa Karibi wametugusa. Alizaliwa Agosti 1946 Colonarie, upande wa mashariki wa kisiwa kikuu unaopigwa na upepo wa Atlantiki, katika ukoo wa Wareno wa Madeira walioletwa karne ya 19 kufanya kazi za mkataba mashambani baada ya utumwa kufutwa. Oktoba 1968, akiwa rais wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha West Indies pale Mona, Jamaika, aliongoza maandamano baada ya serikali ya Hugh Shearer kumzuia mhadhiri Walter Rodney kuingia nchini. Rodney huyo ndiye aliyerejea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka uliofuata na kufundisha hapo hadi 1974. Gonsalves naye alikuja upande wetu: alisoma kwa muda Makerere, na tasnifu yake ya uzamivu, aliyoiwasilisha Manchester mwaka 1974, ilihusu siasa za vyama vya wafanyakazi nchini Uganda kati ya 1950 na 1971. Naomba msomaji aiweke tasnifu hiyo kando kidogo. Nitaihitaji baadaye.

Aliporudi kwao hakupokewa kwa vigelegele. Nchi ilipata uhuru Oktoba 27, 1979, na tangu mwaka huo alikuwa katika vyama vidogo vya mrengo wa kushoto vilivyokuwa na hoja nyingi na wapiga kura wachache: kwanza United People's Movement, kisha Movement for National Unity kuanzia 1982. Akawa wakili, akatetea, akaandika, akashindwa. Kiti cha ubunge alikipata 1994, mwaka ambao chama chake kiliungana na chama kikongwe cha Labour na kuzaa ULP. Wanaodhani alikuwa mtoto wa mfumo wanasahau kwamba alikaa nje akibisha hodi kwa miaka 15.

Halafu ukaja uchaguzi wa 1998, na hapa ndipo hadithi nzima ilipofichwa. ULP, ikiongozwa na Vincent Beache, ilipata karibu asilimia 55 ya kura zote za nchi. Ilishindwa. NDP ya James Mitchell, iliyotawala tangu 1984, ilipata viti vinane na ULP saba, kwa kuwa katika mfumo ule waliorithi kwa Mwingereza (nasi tuliurithi hukohuko) kura hazijumlishwi kitaifa. Kila jimbo lina mshindi wake, na kura za ziada ulizorundika kwenye ngome yako hazikusaidii kitu jimbo la jirani. Gonsalves alichukua uongozi wa chama Desemba mwaka huo akiwa na kila sababu ya kuuchukia mfumo huo. Mwaka 2000 Mitchell alipoupitisha Bungeni muswada wa kuongeza pensheni na viinua mgongo vya wabunge, vyama vya wafanyakazi na ULP vilishikana mkono, barabara zikafungwa, nchi ikasimama, na makubaliano yaliyofikiwa katika hoteli ya Grand Beach yakalazimisha uchaguzi wa mapema. Machi 28, 2001, ULP ilizoa viti 12. Komredi akaingia ofisini akibebwa na walimu, manesi na makarani wa serikali.

Tuziangalie namba, maana ndizo zinazosema kweli kuliko hotuba. NDP ya Mitchell ilipata viti vyote 15 mwaka 1989. Vyote, hapakuwa na mpinzani hata mmoja aliyechaguliwa. Mwaka 1994 ikapata 12, mwaka 1998 vinane kwa kura chache kuliko za wapinzani, mwaka 2001 vitatu. Sasa ULP: 12 mwaka 2001, 12 tena 2005, vinane 2010, vinane 2015, tisa 2020, kimoja 2025. Ukiziweka safu hizi mbili sambamba utaona ni mlima uleule, una mteremko uleule, na karibu na mwisho una kijiukingo kilekile kinachomdanganya anayeteremka kwamba bado yuko tambarare. Mwaka 2010 na 2015 ULP ilikuwa na asilimia 51 na 52 za kura, yaani kiti kimoja cha kuongoza na nchi iliyogawanyika katikati kama embe. Mwaka 2020 ilizidiwa kidogo kwa jumla ya kura, lakini ikaongeza kiti. Yaliyoipata NDP mwaka 1998 ndiyo yaliyoipata ULP mwaka 2020: kutawala kwa ridhaa ya ramani ya majimbo. Aliyeshuhudia jambo hilo akiwa upande wa walioporwa alikuwa na sababu kuliko mtu yeyote ya kulitambua lilipomgeukia yeye kwa sura ya ushindi.

Wala dalili hazikuanzia 2010. Novemba 25, 2009, Gonsalves aliwapelekea wananchi katiba mpya iliyoandaliwa kwa miaka kadhaa, ambayo pamoja na mengine ingemwondoa Malkia wa Uingereza na kuifanya nchi jamhuri. Alihitaji theluthi mbili. Alipata asilimia 43. Wachambuzi wa nje walisema watu wanampenda Malkia, jambo ambalo silikubali. Mvuvi wa Barrouallie hana shughuli na Malkia. Walichokikataa wengi ni kumwongezea imani mtu aliyeomba imani kubwa mno kwa wakati mmoja. Kura ya maoni ina sifa moja ambayo uchaguzi mkuu wa pale hauna: inahesabu vichwa. Ilipohesabu vichwa, Komredi alikuwa wachache. Ilipofika Desemba 2010 na kurudi kuhesabu majimbo, akawa tena waziri mkuu, na ujumbe wa mwaka mmoja nyuma ukafunikwa.

Sasa niirudie ile tasnifu ya Uganda. Kijana aliyetoka visiwani alikwenda kuchunguza jinsi vyama vya wafanyakazi vinavyokutana na dola, na kipindi alichokichagua ni kile ambacho serikali mpya huru ziliona vyama hivyo, vilivyosaidia kuleta uhuru, vimekuwa usumbufu. Miaka 47 baadaye yeye ndiye aliyekuwa dola. Agosti 5, 2021, wakati Bunge likijadili marekebisho ya sheria ya afya ya umma yaliyofungua njia ya chanjo ya lazima ya Uviko, manesi na wafanyakazi wengine wa umma waliandamana katika mji mkuu, Kingstown. Gonsalves aliamua kupita kwa miguu katikati yao kuelekea bungeni. Jiwe likampata kichwani. Akasafirishwa Barbados kwa matibabu. Aliyerusha jiwe alifanya uhalifu, hilo halina mjadala. Lakini miezi michache baadaye zikaja kanuni zilizosema mtumishi wa umma aliye mstari wa mbele asipochanjwa atahesabiwa kuwa ameiacha kazi kwa hiari yake. Soma tena sentensi hiyo. Hafukuzwi; anahesabiwa ameondoka mwenyewe, pamoja na haki zake za utumishi. Mamia ya walimu, manesi na askari polisi walijikuta nje. Vyama vyao vikaenda mahakamani, na Machi 2023 Mahakama Kuu ikaona kanuni hizo hazikuwa halali; serikali ikakata rufaa.

Hoja ya afya ya umma ilikuwa na uzito, na sitaki kuipita kama haipo. Nchi ilikuwa imetoka kupigwa na mlipuko wa volkano ya La Soufrière Aprili 2021, maelfu ya watu walilala kwenye madarasa yaliyogeuzwa kambi, hospitali ni chache, na waliokubali chanjo walikuwa wachache. Kiongozi aliyeogopa maafa hakuwa mwendawazimu. Tatizo liko kwingine. Waliofungiwa milango Desemba 2021 walikuwa tabaka lilelile lililofunga barabara mwaka 2000 ili yeye aingie. Katika nchi yenye majimbo 15, ambapo jimbo la kawaida lina wapiga kura waliosajiliwa elfu sita au saba hivi, mwalimu mmoja aliyesimamishwa kazi ana mume au mke, ana mama, ana kaka wawili, ana darasa zima la wazazi wanaomjua kwa jina. Mamia ya watu kama hao wakigawanywa kwenye majimbo 15, unapata tofauti ya kura iliyoamua majimbo mengi kwenye chaguzi zilizotangulia. Kikulacho ki nguoni mwako. Hapakuhitajika mkono wa kutoka ng'ambo ya bahari.

Turudi basi kwenye hoja ya mkono wa ng'ambo, maana ndiyo inayotajwa zaidi na ndiyo dhaifu zaidi. Ina vielelezo, nakiri. Februari 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba itawanyima viza maofisa wa nchi zinazotumia madaktari na manesi wa Cuba kwa utaratibu wa serikali ya Havana. Gonsalves alijibu kwamba yuko radhi kuikosa viza yake kuliko kuwaacha wagonjwa wapatao 60 maskini wanaosafishwa figo kwa msaada wa Wacuba wafe. Lilikuwa jibu la kiungwana, na kama kungekuwa na tuzo ya ujasiri kwa viongozi wa nchi ndogo ningempigia kura mimi mwenyewe. Kuanzia Septemba Wamarekani wakaanza kulipua boti katika bahari ya Karibi wakidai zimebeba dawa za kulevya, na yeye alikuwa miongoni mwa waliopinga. Kwa hiyo ni kweli Washington haikumpenda. Lakini kutopendwa na Washington lilikuwa jambo la kawaida katika maisha yake: aliiingiza nchi katika ALBA, umoja ulioanzishwa na Venezuela na Cuba, mwaka 2009, akanunua mafuta ya Venezuela kwa masharti nafuu ya mpango wa PetroCaribe, na akashinda mara tatu baada ya hapo. Kama ni fimbo, ilikuwa mkononi muda wote huo. Na fimbo ya mbali haiui nyoka.

Jambo jingine linaloivunja hoja hiyo ni majirani. Siku nne tu baada ya Gonsalves kushindwa, Desemba 1, 2025, wapiga kura wa Saint Lucia, kisiwa kinachoonekana kwa macho kutoka kaskazini ya Saint Vincent siku isiyo na ukungu, walimrudisha Philip J. Pierre wa chama cha Labour kwa viti 14 kati ya 17. Miezi mitatu kabla, Andrew Holness wa Jamaika, ambaye chama chake ni cha mrengo wa kulia, alirudi kwa muhula wa tatu kwa viti 35 dhidi ya 28. Trinidad na Tobago mwezi Aprili ilikiondoa chama tawala na kumrudisha Kamla Persad-Bissessar. Kushoto karudi, kulia karudi, mwingine katolewa. Upepo gani huo unaovuma kusini, kaskazini na magharibi kwa wakati mmoja? Anayetaka kuuona mkono wa Marekani katika kila sanduku la kura la Karibi ataishia kuwanyang'anya Wakaribi akili zao wenyewe, na hiyo ni dharau ileile tunayoilalamikia anapoifanya mkoloni.

Pia jina la mjamaa lenyewe linahitaji kuangaliwa vizuri. Gonsalves huyuhuyu rafiki wa Havana na Caracas hakuwahi kuvunja uhusiano na Taiwan, ulioanza 1981. Ni NDP iliyotangaza mwaka 2016 kwamba ikishinda itakwenda Beijing, kisha ikaachana na wazo hilo. Gonsalves huyuhuyu aliwakaribisha Sandals wakafungua hoteli yao kubwa ya kitalii Buccament mwaka 2024. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Argyle, uliofunguliwa Februari 14, 2017 baada ya karibu miaka tisa ya ujenzi, ulijengwa kwa msaada wa Cuba, Venezuela na Taiwan kwa pamoja, mchanganyiko ambao usingeupata kwenye kitabu chochote cha itikadi. Alikuwa mfanyabiashara hodari wa kitu kimoja alichokuwa nacho, yaani sauti ya nchi huru, na aliiuza kwa bei nzuri kwa yeyote aliyekuja na saruji. Sisemi hivi kumkashifu. Nchi iliyokuwa ikiishi kwa ndizi hadi soko lake la upendeleo Ulaya likabomolewa ilikuwa na bidhaa gani nyingine?

Na hapo nifike kwenye hoja ninayoiona nzito kuliko zote za upande wake, nayo ni ya shukrani. Wanaoitoa husema: mtu huyu aliwafungulia watoto wote mlango wa sekondari mwaka 2005, akawajengea uwanja wa ndege walioambiwa hauwezekani, akaipandisha nchi yao hadi Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, leo wanamlipa kwa kiti kimoja? Nami nilikuwa miongoni mwa waliofurahi Juni 2019 pale Saint Vincent ilipopata kura 185 na kuwa nchi ndogo kuliko zote kuwahi kukaa kwenye baraza hilo. Ilipoingia 2020 haikujitenga. Ilijiunga na wanachama watatu wa Afrika na kupiga nao kura kwa pamoja. Mwaka 2021 watatu hao walikuwa Kenya, Niger na Tunisia, na kwa mwaka mzima balozi wa Nairobi na balozi wa Kingstown walisoma matamko ya pamoja kuhusu Somalia, Sudan na Haiti. Desemba 2023 Gonsalves aliwakutanisha pale Argyle Nicolás Maduro wa Venezuela na Irfaan Ali wa Guyana wakati mgogoro wa Essequibo, eneo linalogombewa na nchi hizo mbili, ulipoelekea kulipuka, na wote wawili wakatoka na tamko la kutotumia nguvu. Miaka kumi kabla ya hapo alikuwa mmoja wa waliousukuma umoja wa nchi za Karibi, CARICOM, kudai fidia ya utumwa na mauaji ya wenyeji wa visiwa. Ni orodha ambayo marais wa nchi zenye watu milioni 50 wangeitamani.

Lakini mpiga kura si mdaiwa. Aliyehitimu sekondari ile mwaka 2012 amekuwa na miaka 13 ya kutafuta kazi kisiwani ambako kazi ni haba, na mlango wa shule ukishafunguliwa hauendelei kuhesabiwa kama zawadi. Unakuwa haki, na swali linahamia kwenye mlango unaofuata. Mwaka 2023 na 2024 mauaji yalipita 50 kwa mwaka, idadi ambayo kwa nchi yenye watu wachache hivyo inamaanisha kila mtu anamfahamu aliyezikwa. Julai 1, 2024 kimbunga Beryl kilipita Union Island na kuharibu takriban asilimia 90 ya nyumba. Watu wa visiwa vile vya kusini walimwona waziri mkuu wao akisikilizwa na dunia nzima huku wao wakisubiri mabati. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sina hakika Gonsalves alitia maji kiasi gani. Ninachoona ni kwamba sifa za New York zilimfikia haraka kuliko manung'uniko ya Kingstown.

Hoja ya uchovu, kwamba miaka 24 inatosha kwa yeyote, ni ya kweli kwa namna ambayo haisaidii. Muda haupigi kura. Kama miaka ingetosha kuangusha watu, Uganda aliyoifanyia utafiti isingekuwa na rais yuleyule tangu 1986. Roosevelt Skerrit yuko madarakani Dominica tangu Januari 2004 na bado yupo. Kinachofanya miaka iumize ni pale chama kinapokosa mtu wa pili anayeaminika, na ULP ilikuwa na tatizo lenye jina. Mwanawe Gonsalves, Camillo, mwanasheria na balozi wa zamani Umoja wa Mataifa, alikuwa waziri wa fedha tangu 2017, na watu wengi walimchukulia kuwa mrithi hata pale chama kilipokana. Kwa sifa zake peke yake Camillo huenda angefika alikofika. Hata wapinzani walikiri ni mtu mwenye uwezo. Ila baba anapoahirisha kuondoka uchaguzi baada ya uchaguzi, kila mmoja anaanza kuhesabu kinachosubiriwa. Gonsalves angeweza kung'atuka baada ya 2020, akiwa na miaka 74, ameshinda mara tano mfululizo, mtu pekee kufanya hivyo nchini mwake. Hakufanya. Katika uchaguzi wa 2025 mwana alipoteza kiti chake na baba akakihifadhi chake.

Kuna pingamizi moja dhidi ya hoja yangu ambalo silipuuzi. Kama mfumo wa majimbo ulimkinga miaka 16, mbona haukumkinga mwaka 2025? Jibu ni kwamba kinga ya namna hiyo haidhoofiki polepole. Ukiwa na majimbo machache yanayofanana, yenye tofauti za kura mia mbili tatu, yanasimama pamoja na yanaanguka pamoja. Unahama kutoka tisa kwenda kimoja bila nchi kubadilika sana. Waliopigia ULP mwaka 2020 na kuhama mwaka 2025 ni sehemu ndogo tu ya nchi. Kwa hiyo wanaoshangilia kwamba Wavinsenti wameukataa urithi wote wa Gonsalves kwa kishindo wanafanya kosa lilelile la waliodhani viti tisa vya 2020 vilikuwa upendo. Viti 14 vya Friday vinaidanganya NDP sawasawa na vile 12 vya 2001 vilivyomdanganya Komredi.

Yapo mambo mawili yatakayobadilika kweli, na hapo ndipo wasomaji wa huku wanapaswa kuelekeza macho. La kwanza ni pasipoti. Kati ya nchi huru za umoja wa Karibi ya Mashariki, OECS, Saint Vincent ilikuwa pekee isiyouza uraia kwa wawekezaji. Saint Kitts imekuwa ikifanya hivyo tangu 1984, kisha Dominica, Grenada, Antigua na Saint Lucia zikafuata. Gonsalves alikataa kwa msimamo mmoja kwamba uraia si bidhaa. NDP iliahidi kuanza kuuuza. Hapa naona mzee alikuwa sahihi na washindi wamekosea: Julai 2023 Uingereza iliwawekea Wadominica viza kwa sababu ya biashara hiyohiyo, na anayeadhibiwa katika mambo kama haya si bilionea aliyenunua, ni muuguzi anayetaka kwenda kumwona dada yake London. Uchaguzi haukuwa kura ya maoni kuhusu pasipoti, lakini serikali mpya itaichukulia kuwa hivyo.

La pili linatuhusu sisi. Mkutano wa kwanza wa wakuu wa Afrika na CARICOM ulifanyika kwa mtandao Septemba 2021 chini ya uenyeji wa Kenya, na wa pili Addis Ababa Septemba 2025. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya uhusiano huo imebebwa na watu wachache waliosoma Afrika, waliomjua Rodney, wanaokumbuka Dar es Salaam ya miaka ya 1970 kama mji na si kama kauli mbiu. Gonsalves alikuwa miongoni mwa wa mwisho wao waliobaki madarakani. Friday ni mwanasheria aliyesomea Kanada; hana deni lolote la kihisia kwetu na hapaswi kudaiwa. Nairobi, Dodoma na Kampala zikitaka sauti ya Kingstown ibaki upande wa Afrika katika kura zinazofuata za Umoja wa Mataifa, itabidi zizungumze juu ya ndege za moja kwa moja, bima ya majanga, nafasi za masomo, bei ya mizigo, mambo ambayo katika miaka ya Komredi tuliyakwepa kwa kukumbatiana.

Yeye mwenyewe hajaenda nyumbani. Akiwa na umri wa miaka 79 amerudi Bungeni kama kiongozi wa upinzani, mbunge pekee aliyechaguliwa upande wake, akisaidiwa na maseneta wawili ambao katiba inamruhusu kuwateua. Mbele yake ameketi Friday, ambaye aliingia ukumbi huohuo kwa mara ya kwanza mwaka 2001 kutoka jimbo la Northern Grenadines, akiwa mmoja wa wabunge watatu tu wa NDP waliosalia siku ambayo Gonsalves alizoa viti 12.